MWENYE MALI, JE, AACHE KAZI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai, afya na riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Somo la Ijumaa hii limetoka katika swali la mmoja wetu. Tunaliandika kwa ruhusa yake, bila kutaja jina lake. Tunaliandika pia kwa sababu jibu la kwanza alilopewa halikuwa jibu zuri, na aliyelitoa ni mimi mwenyewe ninayewaandikia.

SWALI LENYEWE

Baba huyu alianza na baiskeli moja. Wakati wa vita, treni ilipokuwa haifiki, alikuwa akisukuma chumvi na sabuni kutoka Kindu hadi Kasongo, na kurudi na mchele na mafuta ya mawese. Wengi wenu mliifanya kazi hiyo na mnajua inavyovunja kiuno. Mwenyezi Mungu akambariki. Kutoka baiskeli akapata kibanda sokoni, kutoka kibanda akapata depo ya unga, sukari na saruji, kisha depo ya pili, kisha nyumba za kupangisha. Watoto wake wakasoma, wakaoa, wakaanza kumwambia: «Papa, sasa pumzika. Umeteseka vya kutosha.»

Akaja kwangu baada ya sala. Akasema: «Maalimu, nina cha kula mimi na watoto wangu hadi nife. Je, nikiacha kazi ni dhambi? Na kitu kingine: mbona nilipokuwa na baiskeli nilikuwa nikilala usingizi, na leo nina nyumba na silali?»

Nilimjibu kwa haraka. Nilimwambia: «Baba, umefanya kazi ya kutosha. Funga, kaa karibu na msikiti, soma Qur'ani, ngojea siku yako.» Akafurahi, akaenda, akafunga depo zote mbili.

Miezi minane ikapita. Baba alikuwa akija sala zote tano, alhamdulillahi. Lakini kati ya sala na sala alikaa chini ya mwembe na simu mkononi, akiwapigia wapangaji kelele. Akagombana na mke wake juu ya chumvi ya mboga. Akaanza kusema moyo unamwenda mbio, daktari akapima asione ugonjwa. Na siku moja mama mmoja akasimama mlangoni pa msikiti kuomba msaada wa unga. Nilipomuuliza habari zake, akasema mtoto wake wa kiume alikuwa mbebaji katika depo ya yule baba, ilipofungwa akakosa kazi, akaenda kwenye machimbo na hajatuma habari. Vijana sita walikuwa wakila katika depo zile. Sikuwafikiria hata mmoja nilipokuwa nikitoa jibu langu.

Basi tumerudi kitabuni, tukalisoma swali upya. Hiki ndicho tulichokipata.

1. MALI SI ADUI

Tuanze hapa, kwa sababu wako wanaodhani kwamba ucha Mungu ni umaskini. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya umaskini. Alimweleza Amr bin al-As kwamba mali halali ni jambo jema ikiwa mikononi mwa mtu mwema. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanya biashara mkubwa wa Makka, na mali yake ilikuwa nguzo ya Uislamu ulipokuwa mchanga. Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, akawapa Waislamu wa Madina maji bila malipo. Asingekuwa na mali, angekinunua kwa nini?

Kwa hiyo hatumwambii mtu yeyote aone haya kwa sababu Mungu amempa. Na hatumdanganyi maskini kwa kumwambia kwamba njaa ni furaha. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa bila franka za dawa anajua kwamba pesa ingempunguzia machozi usiku ule.

2. PESA INAONDOA NINI, NA HAIONDOI NINI

Sasa tuje kwenye usingizi wa baba yetu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba utajiri haupimwi kwa wingi wa vitu, utajiri wa kweli ni wa nafsi. Akatufundisha pia kwamba mwanadamu akipewa bonde zima la mali atatamani la pili, na hakuna kitakachomshibisha ila udongo wa kaburi.

Hata wataalamu wa nchi tajiri wameichunguza habari hii. Mwaka 2010 huko Marekani, Daniel Kahneman na Angus Deaton, wote wawili ni washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, waliandika kwamba furaha ya kila siku hupanda pamoja na kipato mpaka kufikia kama dola 75.000 kwa mwaka, kisha haipandi tena. Mwaka 2021 mtaalamu mwingine, Matthew Killingsworth, akaonyesha kwamba inaendelea kupanda. Badala ya kutukanana, Kahneman na Killingsworth wakakaa pamoja, na mwaka 2023 wakatoa jibu moja: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda kidogo kidogo pamoja na kipato. Lakini liko kundi la watu wenye huzuni zaidi, kama mtu mmoja katika kila watano. Kwao pesa hupunguza huzuni hadi kiwango fulani, kisha hata ukiwaongezea, huzuni inabaki palepale.

Msishangae ukubwa wa hesabu zile, kule maisha ni ghali. Tazameni maana yake. Pesa inaondoa huzuni iliyoletwa na ukosefu wa pesa. Ikiisha kuondoa hiyo, huzuni iliyobaki ina chanzo kingine, na dawa yake haimo katika pesa. Mtu aliyefiwa, aliyegombana na ndugu yake, aliye na hofu, au ambaye siku yake haina kazi ya kumngojea asubuhi, huyo hata ukimjazia nyumba noti atabaki na jambo lake.

Nilipomrudia yule baba tukazungumza taratibu, aliniambia neno ambalo nilipaswa kulitafuta siku ya kwanza. Alisema: «Maalimu, nilifikiri nimechoka na kazi. Kumbe nilichoka na madeni, na hofu ya kuibiwa, na hofu ya kurudi kwenye baiskeli. Nimeacha kazi, lakini hofu nimekuja nayo nyumbani.»

3. MASWALI NI ZAIDI YA MOJA

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alituhabarisha kwamba Siku ya Kiyama mja hataondoka mahali pake mpaka aulizwe: umri wake aliumaliza katika nini, ujana wake aliuchakaza katika nini, mali yake aliipata wapi na aliitoa wapi, na elimu yake aliifanyia nini.

Zingatieni hapa. Mali ina swali lake, na umri una swali lake. Tajiri anaweza kuwa na jibu zuri la mali: niliipata kwa halali, nikatoa zaka, nikasomesha watoto. Bado ataulizwa juu ya siku zake. Ule mwaka uliokaa chini ya mwembe, uliufanyia nini? Hawezi kujibu swali la umri kwa risiti za zaka. Kwa maskini na kwa tajiri siku ina saa 24, na swali la saa hizo ni lilelile.

Mtume (s.a.w.) alitaja neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara ndani yake: afya na nafasi. Nani mwenye nafasi kuliko mtu ambaye hatafuti tena unga wa kesho? Kumbe yeye ndiye aliye karibu zaidi na hasara hiyo. Na katika Sura ya Inshirah Mola wetu alimwelekeza Mtume wake kwamba akimaliza shughuli moja asimame kwa juhudi nyingine, na amwelekee Mola wake. Hakumwelekeza alale. Na katika Sura ya Jumu'a, hiyohiyo inayotukusanya leo, tunaelekezwa kwamba sala ikiisha tutawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mungu. Aya haikuwabagua wenye mali wakabaki wameketi.

Na tukumbuke mafundisho ya mche. Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, basi aupande. Mche huo hatakula matunda yake, wala mtoto wake. Basi kazi ya Mwislamu haikuwekwa kwa ajili ya tumbo peke yake.

4. WALIOKUWA NACHO NA WAKAENDELEA

Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme. Alikuwa na ufalme, hekima na hukumu. Lakini Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akawa anafua deraa za vita, na Mtume wetu (s.a.w.) alitueleza kwamba Daud alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Mfalme asiyehitaji kufua chuma, akafua chuma. Sisi mtu akipata gari moja anaona haya kushika jembe!

Abu Bakr (r.a.) aliposhika ukhalifa, asubuhi alionekana akienda sokoni na nguo za kuuza begani, kama kawaida yake. Masahaba wakamsimamisha njiani, wakakubaliana awekewe posho kutoka hazina, kwa sababu kazi ya umma ilikuwa imekuwa kubwa. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, hakuona cheo kuwa sababu ya kukaa. La pili, alipoacha soko hakuacha kazi: aliacha kazi yake mwenyewe, akachukua kazi ya watu wote.

Abdurrahman bin Awf (r.a.) alihama kutoka Makka mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) akamfanya ndugu wa Sa'd bin ar-Rabi', tajiri wa Madina, naye Sa'd akamwambia atamgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake, akaomba tu aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kuuza samli na jibini kavu. Akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa umma huu. Lakini sikilizeni alivyokuwa na mali yake. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Akamkumbuka Mus'ab bin Umayr, aliyeuawa Uhud, akakosa sanda ila nguo moja: wakifunika kichwa miguu inaonekana, wakifunika miguu kichwa kinaonekana. Abdurrahman akaogopa isije ikawa mema yao yametangulizwa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula. Mtu huyu hakuwa mtumwa wa mali.

Na wa karibu na siku zetu, Sulaiman al-Rajhi wa Saudia. Alikulia katika umaskini, alibeba mizigo utotoni. Yeye na ndugu zake walianza kwa kubadilisha fedha, na kazi hiyo ikazaa benki ya Al Rajhi, moja ya benki kubwa za Kiislamu duniani. Alipokuwa mzee aligawa mali yake akiwa hai: sehemu akawapa jamaa zake, sehemu kubwa akaiweka waqfu. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Baada ya kugawa hakwenda kulala, aliendelea kuzifuatilia kazi za waqfu wake. Alikuwa ametoka kwenye kumiliki, si kwenye kufanya kazi.

Upande wa pili yuko Qaruni, ambaye habari yake imo katika Sura ya Qasas. Funguo za hazina zake zilikuwa mzigo wa kuwaelemea wanaume wenye nguvu. Watu wake walimnasihi atafute Akhera kwa kile alichopewa, wala asilisahau fungu lake la dunia, na atende wema kama Mungu alivyomtendea yeye. Akajibu kwamba mali ile ni ya elimu yake. Mwisho wake mnaujua: ardhi ilimmeza yeye na nyumba yake, na waliotamani jana kuwa kama yeye wakashukuru kwamba hawakuwa.

5. TULIYOYAONA HAPA KWETU

Wazee wetu hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba magazini, mashamba makubwa na biashara za wageni zitakuwa za wazalendo. Mali za Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine zikagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, wale walioitwa kwa Kifaransa acquéreurs. Mtu alilala bila kitu akaamka mwenye magazini, na vitambaa, chumvi na sukari ndani yake.

Ilitokea nini? Wako waliojitahidi, tusiwadhulumu. Lakini wengi waliuza vilivyokuwemo, wakala pesa, hawakuagiza vingine. Magogo ya rafu yakabaki matupu. Wafanyakazi wakakosa mshahara, mashamba yakaota majani, na mwanakijiji aliyekuwa akileta kahawa yake akakosa wa kuinunua. Kuanzia mwaka 1976 serikali ikarudisha biashara nyingi kwa wenyewe wa zamani, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kufa. Watu wale walipewa mali, hawakupewa kazi iliyoizaa, wala wengi wao hawakuitafuta. Mali bila kazi ni kama maji katika mtungi uliopasuka. Siku ya kwanza umejaa, na hakuna anayeona ufa.

Kisha ikaja Krismasi ya mwaka 1979. Serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Waliokuwa mbali na benki, na waliokuwa wameficha pesa nyingi ndani ya magodoro na mitungi, walibaki na makaratasi. Ziko familia ambazo jasho la miaka mingi lilikufa kwa siku moja. Lakini fundi cherehani aliamka kesho yake bado ni fundi cherehani. Mvuvi aliamka na nyavu zake. Aliyejua kununua na kuuza kwa uaminifu alikopeshwa na waliomwamini, akaanza tena. Noti ziliondoka, ujuzi na uaminifu vilibaki mikononi mwa watu.

Kwa hiyo, baba uliye na mali, usimrithishe mtoto wako noti tu. Akikuona kila siku umekaa, umemfundisha kwamba mali ni mahali pa kukaa.

6. SASA TAJIRI AFANYE KAZI IPI?

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilidhani kuna njia mbili tu, kuchuma au kukaa. Iko njia ya tatu. Tajiri anaweza kupunguza kuchuma, hakuna dhambi. Anaweza kuacha mzigo uliomzidi umri. Mgonjwa na mzee aliyechoka wana udhuru wao kwa Mola wao, na mtu asiwasimange. Lakini mwenye nguvu na akili, asiache kuwa na faida kwa viumbe wa Mungu. Abadilishe nia ya kazi yake: jana alifanya ili ale, leo afanye ili wengine wale.

Tuseme kwa mifano ya kila siku.

Kwanza, asiilaze pesa. Sheria ya zaka yenyewe inatusukuma hapo. Mtu akiweka dola 10.000 sandukuni asizifanyie kazi, kila mwaka atatoa asilimia mbili na nusu. Mwaka wa kwanza ni dola 250. Akiendelea hivyo miaka 10, zitabaki kama dola 7.760. Ndiyo maana Umar (r.a.) aliwaelekeza walezi wazifanyie biashara mali za mayatima, zaka isije ikazimaliza. Pesa iliyo katika biashara nayo ina zaka, lakini inazaa, na njiani inalisha mbebaji, dereva, mwenye mtumbwi na mama anayepika sokoni.

Pili, afundishe. Yale mtu aliyojifunza kwa miaka 30, kupima mzigo, kujua mnunuzi mwaminifu, kuandika hesabu isiyopotea, hayamo katika shule zetu nyingi. Akifa nayo, yamezikwa. Akae na vijana asubuhi tatu kwa wiki awafundishe. Hiyo ni elimu, na elimu ni katika yale manne tutakayoulizwa.

Tatu, akopeshe mkopo mwema, usio na riba. Mama anayeuza mihogo hahitaji mamia ya dola. Anahitaji gunia moja, wiki mbili za subira, na karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi kama Sura ya Baqara inavyotuelekeza, ili pasiwe na ugomvi.

Nne, aweke waqfu angali hai. Kisima, chumba cha darasa, nyumba moja ambayo kodi yake inalipa karo ya mayatima. Na aisimamie mwenyewe kwa akili ileile aliyoisimamia depo. Tumeona waqfu nyingi zikifa kwa sababu wenye akili za biashara walitoa mali, wakanyima akili zao.

Tano, awapishe vijana. Wako matajiri wanaoendelea na kazi kwa sababu hawamwamini mtu yeyote kushika ufunguo. Mtoto ana miaka 40 na bado anaomba ruhusa ya kuuza kilo moja ya sukari. Kazi ya namna hiyo ni hofu iliyovaa nguo za kazi.

Na hapo tuseme neno kwa upande wa pili pia. Kama kukaa bure si sifa, kufanya kazi bila kikomo nako si sifa. Mwenyezi Mungu ambaye anatutuma sokoni baada ya sala ndiye anayetuita tuache biashara adhana ya Ijumaa inapolia. Tajiri anayesali adhuhuri saa kumi kwa sababu kamio imefika, anayejua bei ya saruji na hajui mtoto wake yuko darasa la ngapi, huyu hafanyi kazi, anafanyiwa kazi na mali yake. Mtume (s.a.w.), pamoja na mzigo wote wa umma, nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake, akitengeneza viatu vyake na kuwasaidia watu wa nyumba yake. Hiyo nayo ni kazi, na baba wengi matajiri wameisahau.

7. JIBU KWA YULE BABA

Basi, baba yetu, jibu la pili ni hili, na nakuomba unisamehe la kwanza. Kuacha kuchuma si dhambi. Lakini nguvu ulizo nazo bado ni amana, na ujuzi ulio nao ni amana, na wale vijana sita walikuwa sehemu ya amana hiyo. Usingizi wako haukuibiwa na kazi. Uliibiwa na hofu, na hofu haitibiwi kwa kuketi. Inatibiwa kwa kulipa madeni, kuandika wasia, kutoa zaka kwa hesabu, na kujua kwamba aliyekulisha ukiwa na baiskeli ndiye anayekulisha leo.

Baba alisikiliza. Hakusema mengi. Depo moja imefunguliwa tena. Mtoto wake wa pili ndiye anayeshika ufunguo, yeye anakuja asubuhi tatu kwa wiki kuwafundisha vijana daftari la hesabu. Wamama wawili wanachukua unga kwake kwa mkopo mwema. Anasema siku za depo analala, na siku nyingine bado anakesha kidogo. Katika wale vijana sita, wawili wamerudi. Watatu wamepata shughuli nyingine. Yule aliyekwenda machimboni bado hatujapata habari zake, na mama yake bado anakuja mlangoni. Tumwombeeni, na mwenye kufika pande za machimbo aulize.

Ninaandika hivi ili tujue sote, maalimu na matajiri, kwamba neno moja lililotolewa bila kufikiri linaweza kufunga mlango wa nyumba sita. Na kwamba mtu anapouliza juu ya mali yake, mara nyingi watu wengi wamesimama nyuma ya swali lake, hata kama haonekani nao.

DUA

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na moyo unaotosheka nayo. Utukinge na umaskini unaotudhalilisha na utajiri unaotusahaulisha. Uijaalie mali mikononi mwetu, usiijaalie mioyoni mwetu. Wape kazi vijana wetu walio bila kazi, na uwarudishe salama walio mbali na mama zao. Utusamehe makosa ya ndimi zetu. Amin.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini swali la umri haliwezi kujibiwa kwa mali? Eleza kwa mfano wa mtu unayemjua, bila kumtaja jina.
2. Abu Bakr (r.a.) alipoacha soko, aliacha kazi? Eleza.
3. Mtu ana dola 4.000 zilizokaa mwaka mzima, na zimefikia kiwango cha zaka. Atatoa kiasi gani? Angeweza kuzifanyia nini zisilale?
4. Wewe usiye na mali: ni ujuzi gani ulio nao ambao ukifa leo utazikwa nawe? Unaweza kumfundisha nani wiki hii?

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie maandazi. Ukiisha kuisoma, mpe jirani.

Wabillahi tawfiq.